Paka wa Mtoto Wako Yuko kwenye Akaunti ya Nani?

Simu ya nyumbani imegoma kuwaka. Baba anapanda gari kutoka Ndalambo hadi Tunduma, anamwachia fundi, fundi anaichomeka kwenye kompyuta na kuiflashi, na jioni simu inarudi kama mpya. Nusu ya namba za watu zimepotea. Picha za harusi ya shangazi zimepotea zote. Lakini anayelia ndani ya nyumba ni mtoto wa miaka tisa, kwa sababu paka wake hayupo. Amemlisha tangu likizo ya Juni, amemwogesha, amemlaza, amemtafutia kofia kwa kutazama matangazo mpaka bando likaisha. Sasa gemu ikifunguliwa anatokea kitoto cha paka kisichomjua. Mama anambembeleza, "Utaanza tena, mwanangu, hiyo si picha tu?" Mtoto anageukia ukutani.

Majibu ya wazazi huwa mawili. La kwanza ni hilo la "picha tu". La pili ni "kuanzia leo hakuna gemu kwenye simu yangu". Yote mawili yanaliacha tatizo pale pale. Paka alipotea kwa sababu hakuna mtu mzima aliyejua amehifadhiwa wapi, na wanyama wengine wa watoto hupotea kwa njia mbaya zaidi: huibwa. Wanaowaiba hutumia mbinu ambazo mzazi wa Ndalambo anazijua vizuri mno, maana zimekwisha kupita kwenye simu yake mwenyewe. Mzazi asiyejua kucheza gemu hata moja ana ujuzi wa kutosha kumlinda mtoto wake. Kinachokosekana ni kuuhamisha ujuzi huo kutoka kwenye pesa za simu kwenda kwenye paka.

Wanyama wa namna hii wana umri mkubwa kuliko wazazi wengine wa leo. Novemba 1996 kampuni ya Bandai ya Japani ilianza kuuza Tamagotchi, kidude cha umbo la yai chenye kioo kidogo, na ndani yake kiumbe anayetaka chakula, usafi na usingizi. Asipotunzwa anakufa. Watoto waliwabeba hadi darasani, walimu wakachoka, shule nyingi zikawapiga marufuku. Mwaka 1997 waliokibuni, Akihiro Yokoi na Aki Maita, walitunukiwa Ig Nobel, ile tuzo ya mzaha, upande wa uchumi, kwa kuhamisha mamilioni ya saa za binadamu kwenda kwenye ufugaji wa wanyama wasiokuwepo. Watu walicheka, na mimi nacheka, lakini saa zile zilikuwa za kweli na huzuni ya mtoto aliyefiwa ilikuwa ya kweli pia. Hata hivyo Tamagotchi za mwanzo zilikuwa na nafuu moja kubwa: hazikuwa na akaunti. Mgeni hakuweza kuingia ndani ya yai na kumchukua kiumbe wako akiwa nchi nyingine.

Sasa anaweza. Wanyama wanaoonekana kwenye simu za watoto wetu wako wa aina nyingi. Yupo yule paka wa My Talking Tom, gemu ya kampuni ya Outfit7 iliyoanzia Slovenia, ambayo imekuwapo tangu 2013. Kwenye Free Fire ya kampuni ya Garena ya Singapore, gemu ya kupigana inayopendwa sana na vijana wa Tanzania, mchezaji hufuatwa na mnyama wake, panda au mbweha au mbwa, na mnyama huyo hupanda levo kadiri anavyolishwa. Kwa wale wenye simu kubwa na bando la kutosha kuna Roblox, na ndani yake gemu ya Adopt Me ambayo mwaka 2019 iliingiza wanyama wa kufuga, na wachezaji hubadilishana wanyama hao wao kwa wao. Hapo pa kubadilishana ndipo penye wezi wengi. Nitapafikia, lakini kwanza makazi.

Muulize mtoto swali hili: "Nikikupa simu nyingine sasa hivi, mnyama wako utampata?" Akisema ndiyo, mwambie akuonyeshe kwa njia gani. Akibabaika, mnyama huyo anaishi ndani ya simu hiyo moja na atakufa nayo. Gemu nyingi ndogo za kulisha wanyama ziko hivyo: ukiifuta programu, au fundi akiiflashi simu, kila kitu kimekwenda. Nyingine humruhusu mtoto aingie kama mgeni bila kujiandikisha. Free Fire ina njia hiyo, na watoto huipenda kwa sababu haiulizi maswali. Akaunti ya mgeni imefungwa kwenye simu ile ile, na ikifutika hakuna wa kuirudisha. Anayecheza kama mgeni kwa wiki moja hana hasara. Anayecheza kama mgeni kwa mwaka mzima anafuga mnyama ambaye hawezi kuthibitisha kwa mtu yeyote kwamba ni wake.

Dawa ni kuiunganisha gemu na akaunti ya kudumu, na kwa simu zetu za Android mara nyingi ni akaunti ya Google, yaani Gmail iliyomo ndani ya simu. Hapa panahitaji kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye mtego ambao wataalamu wa ughaibuni hawauandiki: Gmail hiyo ni ya nani?

Nunua simu Tunduma, au pale Nakonde ng'ambo ya mpaka. Muuzaji ni mwema, anakuwekea laini, anakufungulia WhatsApp, na simu inapodai Gmail anakutungia moja papo hapo kwa jina lake au jina lako, neno la siri analijua yeye, na wewe unaondoka ukishukuru. Wengine huweka Gmail yao ile ile kwenye kila simu wanayouza. Miaka miwili baadaye picha zako, namba za watu wako na mnyama wa mtoto vimeshikiliwa na mtu ambaye pengine amekwisha kufunga duka. Sisemi kwamba muuzaji huyo ni mwizi. Nasema kwamba siku simu itakapopotea, wewe hutakuwa na namna ya kuingia, na siku muuzaji huyo atakapogombana na mshirika wake, mwenye funguo atakuwa mtu usiyemjua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihusu mtoto hata kidogo. Fungua mipangilio ya simu, tafuta palipoandikwa Google, soma anwani iliyopo. Kama huitambui, au huna neno lake la siri, fungua Gmail yako mpya mwenyewe, ukisaidiwa na mtu wa nyumbani unayemwamini, halafu uhamishie vitu huko kimoja kimoja. Usiiondoe ile ya zamani kwanza. Ingia kwenye gemu ukiwa bado na njia ya zamani, unganisha akaunti mpya ndani ya gemu yenyewe, hakikisha mnyama yupo, ndipo uachane na ya kwanza. Kama mtoto anacheza kwa Facebook ya kaka yake aliye chuoni Mbeya, hilo nalo litatuliwe kabla kaka hajabadilisha neno la siri au kuifuta akaunti kwa hasira za mapenzi.

Neno la siri liwe refu. Maneno matatu au manne yasiyohusiana, yaliyofuatana, ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa, maana hayo mawili kijiji kizima kinayajua. Liandike kwenye daftari. Najua tumeambiwa tusiandike popote, lakini ushauri huo ulitungwa kwa watu wanaofanya kazi ofisini, mezani kwao panapita wageni. Nyumbani kwako daftari linalokaa pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki liko salama kuliko kichwa cha mtu mwenye shamba, mifugo na watoto wanne. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye Google, ukiomba pia zile namba za akiba: Google hukupa namba 10, kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye daftari hilo hilo. Siku mtandao unasumbua na ujumbe wa kuthibitisha haufiki, namba hizo ndizo zitakazokuingiza.

Neno moja kuhusu laini, hasa kwa sisi tulio karibu na mpaka. Mtu akiona bando la Zambia lina nafuu hununua laini ya Nakonde, anaitumia miezi mitatu, anaitupa. Kama ndiyo namba aliyoiandikisha kwenye Gmail au kwenye gemu, ameiacha na mlango. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine, na ujumbe wa kubadilisha neno la siri utamfikia huyo mwingine. Andikisha namba utakayokaa nayo, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukipiga *106# utaona namba zilizosajiliwa kwa jina lako, na usiyoitambua unaikana.

Baada ya makazi, wezi.

Taarifa za kila robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zimekuwa zikiutaja mkoa jirani wa Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Siutaji ili kuwanyooshea kidole majirani zetu wa barabara ya Sumbawanga, ambao wengi wao wametapeliwa kama sisi. Nautaja kwa sababu hakuna mtu mzima hapa asiyewahi kusoma "ile hela tuma kwenye namba hii". Hakuna asiyejua yule anayepiga akidai ni wa huduma kwa wateja na anataka umtajie namba iliyoingia kwenye simu yako. Tunamjua aliyekosea kutuma pesa na anaomba umrudishie haraka, mgonjwa yuko mahututi. Tunamjua mwenye zawadi ya milioni, inayohitaji kwanza utume elfu thelathini za kuikomboa.

Mtapeli wa kwenye gemu hana jipya. Anamwandikia mtoto: mimi ni wa kampuni, akaunti yako imeteuliwa kupata mnyama adimu, nitumie jina na neno lako la siri. Huyo ni wa huduma kwa wateja. Mwingine anamwambia kuna tovuti inayotoa Robux, yaani pesa za ndani ya Roblox, au daimondi za Free Fire bure, ingia hapa kwa akaunti yako. Huyo ni mwenye zawadi ya milioni. Wa tatu anamwambia namba itakayoingia kwenye simu ya mama ni yangu, nimekosea, nisomee. Huyo ndiye yule yule kabisa, hata maneno hajabadilisha. Kampuni yenye gemu haihitaji neno la siri la mtoto, ina uwezo wa kuona akaunti yake bila kumuuliza. Na daimondi za bure hazipo nje ya gemu yenyewe.

Keti na mtoto umsomee ujumbe wa kitapeli uliokufikia wewe, kama hujaufuta. Mwache akuonyeshe mahali ambapo mtu angenasa. Kisha muulize kama amewahi kuona wa namna hiyo kwenye gemu. Mazungumzo hayo ya robo saa yana manufaa kuliko amri kumi, kwa sababu mtoto anagundua kwamba mzazi anayemwona mshamba wa gemu ni bingwa wa jambo lingine, na kwamba mambo hayo mawili ni mamoja.

Wizi wa kubadilishana unahitaji maelezo yake. Kwenye Adopt Me wachezaji wawili hufungua dirisha, kila mmoja anaweka mnyama wake, wote wanakubali, wanyama wanabadilishana. Dirisha hilo ni salama kwa kadiri ya macho ya anayetazama. Mtapeli humtaka mtoto atoke nje ya utaratibu huo: nipe wako kwanza, kisha nami nitakupa wangu, tuaminiane. Au: niazime nikamwonyeshe rafiki yangu, nitakurudishia. Au anaweka mnyama wa thamani, wanapiga soga, kisha anamwondoa kwa haraka na kuweka mwingine anayefanana naye. Matapeli wamekuwa wengi kiasi kwamba wenye gemu waliweka leseni ya kubadilishana: mchezaji anajibu maswali kuhusu mbinu za utapeli kabla ya kuruhusiwa kubadilishana wanyama adimu. Hata hivyo mtoto akishabonyeza kukubali, kwa kawaida harudishiwi.

Mtoto wa kwetu ana mahali pa kuanzia. Amekwisha kwenda mnadani na babu. Ameona ng'ombe akizungukwa, akishikwa nundu, akifunguliwa mdomo kuhesabiwa meno, pesa zikihesabiwa mbele ya watu, na kamba ikibadili mkono mwishoni kabisa. Muulize kama babu angempa mtu ndama aende naye nyumbani kwanza, kwa ahadi kwamba fahali atafuata kesho. Atacheka. Basi na yeye asimfungulie mtu kamba.

Upo pia wizi usiohitaji maneno matamu. Kwenye vituo vingi vya biashara kuna duka la kuchaji simu ambalo pia huingiza nyimbo, filamu na gemu kwenye memori kadi. Watoto hurushiana gemu kwa programu ya Xender bila kutumia bando. Humo ndimo zinamopita zile gemu "zilizofunguliwa", zenye pesa zisizoisha na wanyama wote tayari. Aliyeichokonoa gemu ili pesa zisiishe anaweza kuwa amechomeka na kitu kingine. Programu ya namna hiyo ikiomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, na mtoto akabonyeza kukubali kwa sababu ana haraka ya kumwona panda, inaweza kusoma kila namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu yako, ya Gmail na ya benki pia. Gemu ya kulisha paka haina sababu yoyote ya kusoma ujumbe wako. Nenda kwenye mipangilio ya programu, tazama ruhusa, nyang'anya zisizohusika. Na programu mpya zitoke Play Store tu. Ndiyo, zinakula bando. Bando la gemu moja ni rahisi kuliko salio la mauzo ya mahindi.

Mwenye kudhani mambo haya ni ya watoto wa kijijini wasiojua kitu, amtazame Neopets. Ni ulimwengu wa wanyama wa mtandaoni ulioanzishwa Uingereza mwaka 1999, watoto wa dunia nzima wakafurika humo. Julai 2022 ilibainika kwamba wadukuzi waliingia na kuchukua taarifa za akaunti zipatazo milioni 69, zikiwamo barua pepe, tarehe za kuzaliwa na maneno ya siri yaliyosimbwa. Mwezi uliofuata Tanzania ilifanya Sensa ya Watu na Makazi, ikahesabu watu 61,741,120. Yaani akaunti zilizoibwa zilizidi Watanzania wote, na wengi wa waliofungua akaunti zile ni watu wazima sasa, wamesahau kwamba waliwahi kufuga chochote. Mtoto hakukosea, kampuni ndiyo iliyoibiwa. Kinga kuu ya mzazi hapo ni hii: neno la siri la gemu lisifanane na la Gmail, wala PIN ya pesa za simu isionekane popote karibu nayo. Na taarifa anazotoa mtoto ziwe chache. Jina la shule, kijiji na picha yake akiwa na sare havihitajiki ili panda ale.

Umri, kwa upande mwingine, aandike wa kweli. Watoto huongeza miaka ili wafunguliwe kila kitu, na wanafunguliwa kweli, pamoja na maongezi na watu wazima. Akaunti ikipotea, tarehe ya uongo aliyoisahau humzuia kuirudisha. Roblox sasa imeanza kudai uthibitisho wa umri kabla ya kuruhusu mtu aongee na wengine, jambo ambalo lingekuja mapema zaidi lingesaidia.

Hapa ndipo penye uzito. Mwanzoni mwa 2014 ulienea uvumi duniani kwamba ndani ya macho ya Angela, yule paka jike wa Outfit7, kuna mwanamume anayewapiga picha watoto. Haukuwa kweli. Lakini wazazi walioogopa macho ya paka hawakuogopa sehemu ya maongezi ya gemu nyingine, ambako watu wazima wa kweli wanakaa na watoto wa watu. Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL na kutolewa kwa Tanzania mwaka 2022, ulionyesha kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti nchini walitendewa unyanyasaji mkubwa wa kingono uliohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja. Njia zilikuwa nyingi, na mara kwa mara aliyetenda hakuwa mgeni kwa mtoto. Mnyama adimu ni chambo kizuri kwa mtu wa namna hiyo: nitakupa joka, njoo tuongee WhatsApp. Nitumie picha yako nijue wewe ni mtoto kweli. Usimwambie mama.

Mfundishe mtoto kwamba mambo matatu humleta kwako mbio hata ukiwa shambani: mtu anayetaka wahame kutoka kwenye gemu kwenda WhatsApp, anayetaka picha, na anayetaka siri. Likitokea, usifute chochote. Piga picha ya skrini, hifadhi jina la mtu huyo, mzuie, kisha toa taarifa polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto inapigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawahusu watu hao, na inamhusu pia anayeingia kwenye akaunti isiyo yake. Namba ya simu iliyotumika kutapeli itume TCRA kupitia 15040.

Lakini mtoto hatakimbilia kwako kama anajua kinachomngoja ni fimbo. Tapeli analijua hilo na analitegemea. Mtoto aliyepoteza panda kwa kumpa mtu neno la siri anajua alikatazwa, kwa hiyo ananyamaza, na mtu yule anarudi: usiponifanyia hiki nitamwambia baba yako. Mpe neno lako mapema, kabla halijatokea jambo, kwamba atakayesema ukweli kuhusu simu hatachapwa wala hatanyang'anywa simu siku hiyo. Na ulitimize, hata kama amekula bando la wiki. Najua baadhi ya wazee watasema huku ni kudekeza. Acha wadekezwe watoto kwa jambo hili moja.

Kuhusu pesa sitakaa sana. Wajukuu wengi wanajua PIN za bibi zao, kwa kuwa wao ndio wanaowapigia *150*00# na kuwasomea salio, na si haki kumlaumu bibi. Badilisha PIN, isiwe mwaka wa kuzaliwa, na bibi apelekwe kwa wakala na mtu mzima. Kwenye Play Store weka sharti la kuthibitisha kila ununuzi kwa neno la siri, na kama umewahi kuweka kadi ya mtandaoni inayochota pesa zako za simu, itoe humo. Simu nyingi za Android zina namna ya kubandika programu moja kwenye skrini, mtoto asiweze kutoka mpaka uweke namba yako, na baadhi ya Tecno na Infinix zina hali maalumu ya watoto. Tafuta kwenye mipangilio upande wa usalama. Akimaliza kumlaza paka, anakurudishia simu bila kuwa amepita kwenye ujumbe wako.

Akaunti ikiibwa licha ya yote hayo, haraka ndiyo yenye faida. Anza na Gmail, si na gemu, maana mwenye Gmail ndiye mwenye gemu: badilisha neno la siri, toa vifaa usivyovitambua, kisha nenda kwenye gemu. Fanya hivyo kwa simu ile ile na mahali pale pale unapoitumia siku zote, kwa sababu Google huamini zaidi maombi yanayotoka kwenye kifaa inachokijua. Ukikimbilia kwenye kompyuta ya stendi Tunduma utaonekana wewe ndiye mwizi. Kisha waandikie wenye gemu kupitia msaada uliomo ndani ya gemu yenyewe, si kwa namba uliyopewa na mtu kwenye kundi la WhatsApp anayedai anarudisha akaunti kwa elfu kumi.

Na simu ikifika siku ya kuuzwa, au kuwekwa rehani msimu wa mbolea, mwite mtoto kwanza. Mwache aingie kwenye akaunti ya gemu kwa simu nyingine, ya mjomba au ya jirani, aone mnyama yupo, kisha atoke kwenye simu ya jirani. Ndipo uiondoe Gmail yako kwenye mipangilio ya simu inayouzwa, halafu uifute simu nzima. Ukiifuta bila kuiondoa Gmail, simu inaweza kumdai mnunuzi akaunti yako na neno lako la siri kabla ya kufunguka, naye atakupigia usiku akiwa amekwisha kufika Laela.